Orodha ya Uhamisho

Barua pepe iliingia saa nne na dakika chache asubuhi, wakati mhazili wa shule ameshika picha ya mwanafunzi kwa ncha za vidole akisubiri gundi ikauke. Aligeukia kompyuta kama mtu aliyeitwa jina. Kichwa cha barua kilikuwa na maneno matatu tu: Orodha ya Uhamisho. Chini yake kulikuwa na sentensi fupi: "Majina ya walimu waliokubaliwa yameambatishwa. Ni siri hadi yatakapotangazwa."

Mume wake alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya mbali, safari ya kutwa nzima na asubuhi ya pili. Huu ulikuwa mwaka wa nne anaomba kuhamishiwa karibu na nyumbani. Mtoto wao Kipusa, wa darasa la pili, alimjua baba yake kwa sauti ya simu kuliko kwa sura.

Mhazili aliiweka picha mezani, akabonyeza kiambatisho. Kioo kikamwuliza kama anaruhusu. Akaruhusu. Kikamtaka aandike anwani yake na neno la siri ndipo aone majina. Akaandika, vidole vikikimbia, akakosea, akaandika tena. Kidirisha cheusi kikafunguka na kufungika kabla hajakisoma, halafu pakawa kimya. Hakuna orodha. Akabonyeza mara ya tatu. Kompyuta ilipumua tu kwa feni yake.

Hapo ndipo alipoangalia barua imetoka wapi. Jina la idara ya elimu lilikuwa limepungua herufi moja, na nyuma yake kulikuwa na mkia wa tarakimu usioeleweka.

"Samahani, mama," sauti ilisema dirishani. Alikuwa mzazi, mkononi ana fomu. "Nagongewa mhuri hapa au kwa mkuu?"

"Hapa hapa," mhazili alisema. Akachukua mhuri, akagonga. Mzazi aliitazama fomu, akaigeuza juu chini, akamtazama tena.

"Umegonga kichwa chini miguu juu."

Alimwandikia nyingine. Akasingizia gundi iliyokuwa vidoleni. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na watahiniwa mia moja thelathini na wanane: majina yao, tarehe za kuzaliwa, picha, namba za simu za wazazi. Usajili wao wa mtihani ulitakiwa kufika Ijumaa saa sita. Leo ilikuwa Jumanne. Na ukutani, juu ya kichwa chake, palikuwa na tangazo alilolichapa yeye mwenyewe mwezi uliopita kwa herufi nene: USIFUNGUE BARUA PEPE USIYOIJUA ILIKOTOKA.

Alikaa akiyatazama maandishi yake mwenyewe. Kisha akaendelea kubandika picha, kwa sababu mtu akiendelea na kazi yake huonekana kama hakuna kilichotokea.

Saa sita alikwenda nyumbani kula. Nyumba yao ilikuwa mojawapo ya zile nne za wafanyakazi, nyuma ya uwanja wa michezo, vyumba viwili na sebule. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kwenye kiti chake chenye mito miwili, nyonga zake zikimsumbua kama kawaida, viazi vimeshaiva, sahani zimeshapangwa.

"Umekaa kula na mkoba begani," mama mkwe alisema.

Kumbe kweli. Aliuvua, akauning'iniza kwenye kiti.

"Kuna nini kazini?"

"Hakuna, mama. Kazi ni nyingi tu."

"Mwenye kazi nyingi hula haraka haraka arudi. Wewe unakichorachora hicho kiazi kama ramani."

Mhazili alicheka, na kicheko hicho kikamvunja. Akasema yote: barua, kiambatisho, neno la siri, tangazo ukutani. Alipofika kwenye jina la orodha aliteremsha sauti, maana mwanamume aliyekuwa akitafutwa kwenye orodha hiyo alizaliwa na huyu aliyeketi mbele yake.

Mama mkwe alijiinua kidogo kwenye mito yake. Kisha akauliza polepole, "Jina lake lilikuwemo?"

"Hapakuwa na jina la mtu yeyote, mama. Haikuwa orodha. Ulikuwa mtego."

"Aa." Yule mama alikitazama kiganja chake, akakifuta kwa kanga ingawa hakikuwa na kitu. "Haya. Umemwambia nani?"

"Nimekwambia wewe."

"Mimi si wa kuambiwa. Mimi kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi. Nauliza, umemwambia nani anayeweza kufanya kitu?"

"Mama, nikisema watanifukuza. Pengine hakuna kilichotokea. Inawaka vizuri tu."

Mama mkwe alikuwa amepiga deki wodi za hospitali kwa miaka ishirini na sita. Hakupenda kuzisimulia, alisema harufu yake ameiacha huko. Lakini sasa alisogeza sahani pembeni.

"Nimewahi kuchomwa na sindano mara mbili," alisema. "Watu walikuwa wanazitupa ovyo kwenye taka, unashika mfuko, unasikia hiyo. Mara ya kwanza nilinyamaza. Niliogopa wataniuliza glavu zangu ziko wapi. Nikasema, damu yenyewe tone moja, itakuwa nini? Miezi mitatu sikulala, mwanangu. Nikimnyonyesha mtoto naogopa, nikikohoa naogopa. Mara ya pili nilikwenda bombani, nikaosha, nikaenda moja kwa moja kwa sista msimamizi. Alinigombeza mbele ya wagonjwa, usicheze. Halafu akanipa dawa saa ileile. Kule kugombezwa kuliisha siku hiyohiyo. Ile mara ya kwanza, mpaka leo sijui kama imeisha."

Mhazili aliinuka bila kumaliza chakula.

"Mkoba wako," mama mkwe alimkumbusha.

Alipofika ofisini hakuketi. Alichomoa waya wa mtandao nyuma ya kompyuta, kisha akakizima na kile kisanduku cha intaneti kilichokuwa juu ya kabati, chenye vitaa vya kijani. Hakujua kama anafanya sawa. Alijua tu kwamba kinachotoka kinapita humo. Kisha akavuka korido hadi kwa mkuu wa shule.

Mlango ulikuwa wazi. Mkuu alikuwa na walimu watatu na mjumbe mmoja wa bodi, wakijadili madawati. Mhazili aliomba waongee faraghani.

"Sema tu," mkuu alisema. "Tuko kazini wote."

Akasema. Alisema akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Mkuu alimsikiliza, na uso wake ukabadilika rangi kwa namna ambayo mhazili hakuitegemea. Alitegemea hasira, lakini hii ilianza kama woga.

"Umefungua," mkuu alisema. "Wewe! Wewe uliyetubandikia tangazo kila ukuta, mpaka chooni!"

Mwalimu wa hesabu alijikuna pua kuficha kicheko.

"Ndiyo, mkuu."

"Kwa kompyuta ya shule. Yenye watoto wa watu. Kwa sababu ya mambo yako ya nyumbani!"

"Ndiyo, mkuu."

"Una akili gani wewe? Unajua mtu wa darasa la nne angejua..." Aliendelea. Mjumbe wa bodi aliitazama saa yake, kisha akatazama dirisha. Mhazili alihesabu vigae vya sakafu kutoka kwenye kiatu chake hadi kwenye mguu wa meza. Vilikuwa kumi na kimoja. Mkuu alipoishiwa pumzi, yeye akasema, "Mkuu, tumpigie fundi. Tafadhali. Kila dakika ina maana."

Fundi alikuwa mwanamke mfupi aliyekuja na pikipiki yake, mgongoni begi lililojaa nyaya zilizochungulia kama mizizi. Watu wote wa mji ule walimwita Bi Waya, na yeye mwenyewe ndivyo alivyojiandika kwenye risiti zake. Hakumwuliza mhazili kwa nini. Alimwuliza saa ngapi, alibonyeza mara ngapi, aliandika neno gani la siri, na kama neno hilo analitumia kwingine.

Mhazili aliinamisha kichwa. "Ni hilohilo kila mahali, dada. La barua pepe, la benki, la kila kitu. Jina la mtoto na mwaka aliozaliwa."

"Mko wengi," Bi Waya alisema, akavuta kiti. "Waya ulichomoa mwenyewe?"

"Nilichomoa. Nilikosea?"

"Ulikosea wapi? Wengine huniita wakati mwizi bado anakula sebuleni. Sasa hii kompyuta usiiguse. Usiandike neno la siri lolote humu, hata kwa mchezo. Lete simu yako. Tunaanza na barua pepe, maana huo ndio ufunguo wa milango mingine yote."

Wakaketi bega kwa bega. Walibadilisha neno la siri kwa kutumia simu, wakaweka refu lisilo na jina la mtoto. Wakafukuza vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye anwani yake. Kimoja kilikuwa cha mji ambao mhazili hajawahi hata kuusikia. Wakaweka utaratibu wa namba ya kuthibitisha inayotumwa kwenye simu kila mtu anapojaribu kuingia. Kisha mhazili akawapigia benki, naye dada wa benki, kwa sauti ya mtu anayesema jambo hilo mara kumi kwa siku, akamfungia huduma ya mtandaoni mpaka aende mwenyewe na kitambulisho. Hakuna kilichokuwa kimechukuliwa.

"Sasa angalia zilizotumwa," Bi Waya alisema.

Saa sita na dakika ishirini, wakati mhazili akichorachora kiazi, barua ileile ilikuwa imetoka kwa jina lake kwenda kwa watu mia mbili na kumi na wawili. Walimu, wazazi, shule nyingine, ofisi ya idara. Na mume wake.

"Uwaandikie wote wasifungue," Bi Waya alisema. "Wale wa karibu wapigie. Mtu huamini sauti."

Alimpigia mume kwanza. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Mama Kipusa! Vipi, mbona saa hizi?"

"Ile barua niliyokutumia. Umeifungua?"

"Bado."

"Usiifungue! Si yangu. Umesikia? Ifute."

Akamweleza kwa kifupi. Upande wa pili palisikika wanafunzi wakipiga kelele, kisha mlango ukifungwa.

"Nimeiona tangu mchana," mume alisema. "Imeandikwa uhamisho, imetoka kwako. Nikasema, kama jina langu lingekuwemo, huyu asingeniandikia. Angenipigia simu mpaka nizibe sikio. Kwa hiyo nikajua ni habari mbaya. Nikaona niiache mpaka nipate nguvu."

Mhazili alifunika mdomo kwa kiganja. Bi Waya alijitia kutafuta kitu ndani ya begi.

"Usilie," mume alisema. "Mimi ningeifungua mara ishirini. Wewe hujanikosea kitu. Maliza kazi, uniambie jioni."

Baada ya hapo aliwapigia wengine, mmoja baada ya mwingine, akianza kila mara na maneno yaleyale: "Samahani, mimi ni mhazili wa shule, nimefanya kosa." Baadhi walishukuru. Mmoja alimwuliza kama amelewa. Mzazi mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimwambia kwamba watu kama yeye ndio wanaoirudisha nchi nyuma, akakata simu kabla hajajibu. Mhazili aliweka alama kwenye jina lake, akaendelea na linalofuata. Kufikia saa kumi na moja sauti ilikuwa imekauka, na kati ya wale aliowapata, watu wanne tu ndio waliokuwa wamefungua. Aliwaunganisha na Bi Waya.

Kompyuta ilibidi ifutwe yote, isafishwe kama chungu kilichoungua. Bi Waya alilisema hilo bila kuzungukazunguka. "Nakala unazo?"

"Ninayo flashi ya Ijumaa. Haikuwa imechomekwa leo."

"Mungu akubariki. Nitaikagua kwanza kwenye mashine yangu."

Flashi ilikuwa salama. Lakini kazi ya Jumatatu na Jumanne ilikwenda na maji: wanafunzi sitini na mmoja walitakiwa kuingizwa upya, na siku zilizobaki ni mbili na nusu. Jumatano asubuhi mhazili alikuta tangazo lake limeongezewa mstari kwa kalamu ya wino mwekundu: ISIPOKUWA YA UHAMISHO. Katika chumba cha walimu walikuwa wameshampa jina, Mama Orodha. Alilisikia akipita na chai yake, na waliolisema waliangalia vikombe.

Alichapa peke yake mpaka saa nne. Alikuwa amefikia mwanafunzi wa tisa wakati mwalimu wa hesabu, yule wa kujikuna pua, alipoingia na rejista kwapani.

"Sogea," alisema. "Nitakusomea, wewe uchape. Ukisoma na kuchapa mwenyewe utamaliza mwakani."

Mhazili hakusogea. "Umekuja kuniandikia mstari mwingine ukutani?"

Mwalimu alitazama ukutani. "Ule wino mwekundu ni wangu," alikiri. "Nilidhani utacheka."

"Sikucheka."

"Nimeona." Akafungua rejista. "Wa kumi. Jina la ukoo nalianza kwa herufi kubwa au unajua mwenyewe?"

Akasoma, naye akachapa. Mwalimu alikuwa na sauti nzuri, na kila tarehe ya kuzaliwa aliifuatia na kajineno. "Huyu kazaliwa siku ya mtihani, ndiyo maana anauchukia." Baada ya kipindi cha tano alikuja mwalimu wa sayansi, akampokea. Alhamisi walikuja watatu, wakagawana madarasa, mmoja akihakiki namba za simu, mwingine akipanga picha upya. Hakuna aliyeomba radhi kwa sauti, lakini mtu alimletea chai kabla hajaiomba, na lile tangazo lenye wino mwekundu likabanduliwa, likabandikwa jipya. Ijumaa saa nne na nusu, mhazili alituma watahiniwa wote mia moja thelathini na wanane, akapokea jibu kwamba wamefika. Alilisoma mara mbili, akalikagua lilikotoka herufi kwa herufi, ndipo akaegemea kiti.

Saa saba mkuu alimkabidhi barua ya onyo. Ilisema uzembe. Aliisaini, akaomba nakala, na hakubishana. Bi Waya naye alikuwa ameandika taarifa yake ya ukurasa mmoja, na sentensi ya mwisho ya taarifa hiyo ilisema kwamba kumbukumbu za wanafunzi zimeokoka kwa sababu mtumiaji alitoa habari siku hiyohiyo. Mkuu aliiweka taarifa hiyo katika faili lilelile, nyuma ya barua ya onyo.

Jumanne iliyofuata, walimu walipokwisha kuondoka, mkuu aliingia katika ofisi ya mhazili na kufunga mlango. Hajawahi kuufunga mlango ule tangu alipohamia shule hiyo. Alisimama karibu na kabati, miwani mkononi.

"Ile barua," alisema. "Iliyotoka kwako mchana ule."

"Ndiyo, mkuu?"

"Ulipoingia ofisini kwangu nilikuwa nimeshaifungua. Kwa simu yangu. Dakika kumi hazijapita."

Mhazili alimtazama. Alikumbuka kwamba jina la mkuu lilikuwa miongoni mwa majina mia mbili na kumi na mawili, na kwamba hakumpigia, kwa sababu yeye alikuwa ameshaambiwa ana kwa ana.

"Nimesikia tetesi kwamba nitaondolewa hapa," mkuu aliendelea. "Mke wangu anatibiwa mjini hapa, tukihamishwa sijui tutafanyaje. Nikaona jina lako, nikasema mhazili wangu kaipata orodha kabla ya watu. Nikaweka neno langu la siri. Halafu ukaingia wewe, ukasema ni mtego. Mbele ya mjumbe wa bodi." Alifuta miwani ambayo haikuwa chafu. "Ningesema nini?"

"Na tangu hapo?"

"Tangu hapo nimenyamaza. Jana barua pepe yangu ikakataa kufunguka. Leo binti yangu wa chuoni kanipigia anauliza kwa nini nataka picha ya kitambulisho chake. Mimi sijamwandikia. Namshukuru Mungu aliuliza kwanza."

Wiki nzima. Mhazili alivikumbuka vile vigae kumi na kimoja, na neno uzembe, na macho ya mjumbe wa bodi yakikimbilia dirishani. Yalikuwepo maneno ya kusema, mazuri, makali, na mlango ulikuwa umefungwa. Aliyatafuta, akaona kwamba hayataki kutoka. Mbele yake alikuwa mtu mzima aliyekonda kwa siku saba.

Akamsogezea kiti. "Keti, mkuu. Nipe simu. Neno hilo la siri unalitumia wapi kwingine?"

"Kila mahali," mkuu alisema kwa sauti ndogo.

"Mko wengi," mhazili alisema, akampigia Bi Waya.

Walikaa mpaka jua likaanza kuinama. Barua pepe ilirudishwa kwa taabu, benki ikapigiwa, binti akaelezwa, na jamaa wote wakaarifiwa, mkuu akipiga simu mwenyewe na kuanza kila mara na samahani. Alipomaliza alisimama, akavaa miwani.

"Asante," alisema. "Ile barua ya onyo, nitaandika nyingine ya kuifuta. Na nitawaambia walimu kwa nini."

"Ya kuifuta nitaipokea," mhazili alijibu. "Ya kuwaambia, ni juu yako. Kwangu habari hiyo haitatoka."

Nyumbani mama mkwe alikuwa anamsuka Kipusa sebuleni, mtoto amekaa katikati ya miguu yake, amekunja uso kwa uchungu wa kitana.

"Umechelewa," mama mkwe alisema.

"Kuna mtu nilikuwa namsaidia."

"Nani?"

"Mtu tu wa kazini."

Mama mkwe hakudadisi. Aligawa nywele kwa ncha ya kitana, mstari umenyooka kabisa. "Alishukuru?"

"Alishukuru sana."

Mhazili aliketi sakafuni kando yao, akamshika mtoto mkono ili asitikisike. Miaka minane alikuwa ameishi na mama huyu. Walikuwa wamegawana jiko, magonjwa, simu za Jumapili, na katika miaka yote hiyo alimshukuru kwa maji, kwa chakula, kwa kumwangalia mtoto, shukrani za kupita mlangoni.

"Mama," alisema. "Asante."

"Ya nini tena?"

"Siku ile. Ulivyoniuliza nimemwambia nani."

Mama mkwe aliacha kusuka. Alimtazama kwa muda, kama mtu aliyepewa kitu na hajui akiweke wapi, kisha akainyoosha ile kanga magotini.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Nilivyokuona unaondoka mbio vile, nikasema nimemtuma mtoto wa watu akafukuzwe kazi. Sikula mpaka uliporudi."

"Hukuniambia."

"Si umeniuliza leo?"

Hakuwa amemwuliza. Walicheka wote wawili, Kipusa akacheka nao bila kujua wanachekea nini, na bibi yake akampiga kidogo begani atulie, msuko usipinde.